Zamu ya Ndani katika Hoteli ya Mama Yaseen

Mtu akiniuliza kwa nini hoteli yetu ilikuwa inabadilisha wafanyakazi kila kukicha, mimi hukasirika kabla sijajibu. Watu walidhani Mama Yaseen ni mkali. Walidhani halipi. Walahi, angekuwa mkali tusingeona taabu yoyote! Taabu yote ililetwa na roho yake safi, na hiyo roho safi nimeipigia kelele miaka yote niliyokaa nyuma ya ile kaunta, ikakataa kunisikia.

Mimi ni Mboni. Napokea pesa, nakata mkate, nagombana na wateja. Mwenye hoteli ni Sundus, lakini jina hilo hulisikii ila kwa watu wa benki. Sisi wengine tunamwita Mama Yaseen, kwa kifungua mimba wake. Babu yake alitoka Pwani akaja kutafuta kazi Nakuru, akabaki, na kitu walichobaki nacho cha huko kwao ni mapishi na ubishi. Hoteli yenyewe ni chumba kimoja, nyuma kidogo ya stage ya magari ya Subukia. Asubuhi ni mahamri na mbaazi, mchana wali kwa maharagwe, na Ijumaa ni pilau. Hiyo pilau ya Ijumaa uikumbuke, maana ndiyo iliyotupeleka polisi.

Mpishi wetu ni Kimaiyo. Ni mtu wa Kuresoi, amekulia kwenye viazi na baridi, nazi aliiona mara ya kwanza jikoni kwetu akauliza inachunwaje. Mama Yaseen alimfundisha, na sasa mahamri yake yanavimba mpaka watu wa Mombasa wakipita hapa wanauliza mpishi ametoka Mombasa sehemu gani. Yeye hujibu, "Kuresoi," kisha anarudi kwa karai lake. Ni mpole kupita kiasi. Ukimkanyaga, yeye ndiye anakuomba msamaha kwa kuwa na mguu. Wazazi wake walikufa akiwa mdogo, na nyanya aliyemlea naye akaenda, kwa hivyo Mama Yaseen alikuwa bosi wake na mama yake kwa pamoja, na Mungu ndiye alijua alikuwa anamgombeza kwa cheo kipi.

Sasa sikia. Kijana wetu wa kuosha vyombo, Maxwel, alibishana juu ya mpira na askari wa doria, akashikwa. Akapelekwa kwenye post ya polisi ya hapo karibu, jumba la mabati ambalo jina lake silitaji kwa sababu bado nataka kuishi Nakuru. Mtu wako akishikwa unampelekea chakula, hilo ni jambo la kawaida. Lakini siku hiyo ilikuwa Ijumaa, na Mama Yaseen alipakia kikapu kizima: sufuria ya pilau, kachumbari, ndizi, na chai ya chupa mbili.

"Mama," nikamwambia, "Maxwel ni mmoja."

Akaniangalia vibaya. "Mboni, kwetu hatufungi chakula cha mtu mmoja. Yeye ale, wenzake wa ndani watazame? Na hao askari, wao hawana tumbo?"

Basi nikabeba. Jioni Maxwel akarudi mzima, na sufuria ikarudi imelambwa hata sikuona haja ya sabuni.

Ijumaa iliyofuata wakamshika Chesang, dada anayehudumia meza. Kosa: kuzurura. Alikuwa anavuka barabara kununua chumvi! Ijumaa nyingine Maxwel tena, kwa kumwaga maji machafu. Kisha msichana wa kukata mboga akashikwa kwa kuwa na silaha hatari. Kisu, jamani. Mtu anakata vitunguu, mlitaka akate kwa kijiko? Kila aliyeshikwa, kikapu kilimfuata. Kila aliyepelekewa kikapu, jioni alirudi. Na kila aliyerudi, Jumatatu hakuja kazini, kwa sababu ni nani anataka kumweleza mama yake kwamba anafanya kazi mahali ambapo kukata kitunguu ni jinai? Tuliajiri watu wa Kabazi, wakaenda. Tukaajiri wa Subukia, wakaenda na aproni. Maxwel na Chesang peke yao ndio walikuwa wakiondoka na kurudi, kwa vile kwingine hakukuwa na pilau.

Mimi nilishtuka mapema. Nikamwambia Mama Yaseen, "Hawa watu wanakamata kikapu, hawakamati wafanyakazi."

"Wewe Mboni una roho mbaya," akasema. "Askari ni watoto wa watu."

Pengine tungeendelea hivyo hadi kiama, kama si mambo ya Kimaiyo. Huko kwao Kuresoi alikuwa amepata mchumba, Chepkirui, mwalimu wa nasari, msichana anayecheka kwa sauti ya watu wawili. Kwa Wakalenjin, kabla ya harusi kuna koito: watu wa mwanamume wanaenda kwa kina msichana, wanakalishwa, wanaulizwa kila kitu mpaka jasho linatoka, na wakikubalika ndipo mambo yanaendelea. Koito ilipangwa Ijumaa moja ya sikukuu. Asubuhi hiyo Kimaiyo akatoka dukani na mablanketi ya zawadi mabegani, na Sajenti Ogola wa ile post akamshika kwa kubeba mablanketi ya kutiliwa shaka.

Kuresoi wakakaa wakingoja na mbuzi ameshachinjwa. Mimi ndiye nilipiga simu nikasema bwana harusi ana homa. Ikapangwa mara ya pili, na mvua ikaila barabara ya huko juu, hata trekta haikupita. Baba ya Chepkirui, Mzee Kipchirchir, hakuona tofauti ya mvua na homa. Akapiga simu mwenyewe.

"Kuna kijana hapa ana lori la viazi," akasema. "Anakuja kila wiki, na hana homa. Ya tatu mkikosa, nampa huyo. Na huyo mama anayesemwa ni mama yake, aje mwenyewe. Nimechoka kuoza msichana kwa simu."

Siku hiyo Kimaiyo alitia mbaazi chumvi mara mbili. Nilimkuta jikoni machozi yanamtoka, akasema ni vitunguu. Hakukuwa na kitunguu hata kimoja pale ndani. Mama Yaseen naye alimwona, akavuta kiti akaketi mbele yangu, uso umemshuka.

"Mboni, nikimharibia huyu mtoto ndoa kwa kikapu changu, nitamjibu nini Mungu?"

"Sasa umeamini?"

"Sijaamini. Nataka kujaribu."

Ijumaa ile hatukupika pilau. Tukapika ugali na sukuma wiki. Saa sita hivi Sajenti Ogola akaingia na pingu mkononi. Ni mtu mnene, mwenye sauti nzuri, na kila mwanamke humwita mathe, yaani mama. Akamwendea Maxwel moja kwa moja, akamshika kola, kisha akasimama. Akanusa. Akanusa tena upande wa jikoni.

"Mathe, leo hakuna pilau?"

"Hakuna, afande. Ni sukuma."

Akamwachilia Maxwel, akamnyoosha kola vizuri. "Basi tutakuja Ijumaa ingine," akasema, akaenda zake.

Weh! Nilicheka nikakaa chini. Mama Yaseen hakucheka. Alivaa buibui lake, akanishika mkono, tukaenda post hadi kwa mkubwa wao, Inspekta Khisa. Huyo ni mtu wa sheria, shati limenyooshwa, na nyuma yake ukutani kuna bango limeandikwa kwamba kituo hiki hakina rushwa.

"Inspekta," Mama akasema, "kama ni chakula, nitawaletea kila Ijumaa bure. Niachieni watu wangu tu."

Inspekta alishtuka akasukuma kiti nyuma. "Mama! Unataka kunihonga mbele ya bango?"

"Kulisha watu ni kuhonga?"

"Chakula cha polisi ni hongo. Chakula cha mahabusu ni haki yake. Sasa mahabusu akishiba na kingine kikabaki, hatuwezi kumwaga, hiyo ni dhambi."

"Kwa hivyo ili mle, lazima mtu wangu awe ndani?"

"Mimi sijasema hivyo," Inspekta akajibu taratibu. "Ni vile sheria imekaa."

Tulirudi hotelini. Nilidhani Mama anapanga kuwashtaki. Tulipofika mlangoni akasema, "Basi tuweke zamu."

"Zamu gani?"

"Ya kukamatwa."

Nilipiga kelele mpaka watu wa stage wakageuka. Nilimwambia amerogwa. Nilimwambia hata mimi naacha kazi, na hakuna aliyeamini, kwa sababu nasema hivyo kila mwezi. Akaniacha nichoke, kisha akapanga. Kila Ijumaa mmoja wetu atajipeleka mwenyewe, akae ndani, kikapu kije, watu wale, jioni arudi. Hakuna pingu, hakuna kuandikwa kwenye OB, kile kitabu chao cha matukio, hakuna kuburutwa mbele ya wateja. Kimaiyo tu ndiye asiingie zamu mpaka koito ipite.

Na ikafanya kazi! Hilo ndilo linaniuma. Watu wakaacha kuacha kazi. Maxwel alikwenda na mto wake, akalala usingizi wa mchana ambao hajawahi kuupata kwao. Chesang, aliyewekwa kwenye benchi la wanawake, alifuma kitambaa cha meza akakimaliza. Wageni waliokuja kuomba kazi walianza kuuliza, kabla hata ya mshahara, zamu ya ndani inaanza lini. Kwa mara ya kwanza tulikuwa na wafanyakazi wa kutosha, na Mama Yaseen alitembea kifua mbele. Mimi nilinuna.

Basi ikafika wiki ya koito ya tatu. Ilikuwa iwe Jumamosi. Ijumaa ilikuwa zamu ya Maxwel, lakini lori moja la viazi, si la yule kijana, lilikuwa linarudi Kuresoi tupu, tukaona heri Maxwel atangulie na sukari na mablanketi. Sasa nani aende ndani?

"Nitamshikia zamu," Kimaiyo akasema.

"Wewe hapana!" tukasema mimi na Mama kwa pamoja.

"Ni mpaka jioni tu," akasema. "Asipokwenda mtu, Sajenti atanung'unika." Ndivyo alivyo! Kesho anaoa, leo anahurumia tumbo la Ogola.

Alasiri hiyo, pilau bado ya moto, mkubwa mmoja kutoka Nairobi akaingia post bila taarifa. Akawakuta askari wana sahani magotini. Akapita moja kwa moja hadi seli, akaona mwanamume mmoja ndani, akauliza, "Huyu ana kosa gani?" Wakatafuta OB. Hakuna. Wakamuuliza Kimaiyo mwenyewe, naye, mtu wa ukweli, akasema, "Sina kosa. Ni zamu."

Mkubwa akawaka hasira. Akaamuru huyo mwanamume asitoke mpaka yeye arudi Jumatatu ajue aliingiaje, kisha akapanda gari lake akaondoka.

Jioni Kimaiyo hakurudi. Jumamosi alfajiri mimi na Mama tulikuwa tumesimama mbele ya Inspekta Khisa, gari la kukodi, probox, linangoja nje, kikapu cha mahamri mkononi.

"Mfungulie," Mama akasema. "Leo anaoa."

"Siwezi."

"Si mnajua hana kosa?"

"Hapo ndipo shida iko, Mama. Mtu nikimwachilia, naandika: fulani alikamatwa, sasa ameachiliwa. Huyu hakukamatwa. Nitamwachiliaje mtu ambaye sikumkamata?"

"Basi mkamate!"

"Kwa kosa gani?"

Wakaanza kumtafutia kosa. Walahi nilikuwa pale, naapa. Inspekta mzima alisimama mlango wa seli akimbembeleza. "Kijana, piga kelele kidogo, niandike umeleta fujo, nikuonye, uende." Kimaiyo akafungua mdomo. Akasema, "Samahani, naomba kupiga kelele," kwa sauti ya mtu anayeomba maji. Wakamwambia amtukane Ogola. Akamtazama Ogola, akatikisa kichwa, akasema Sajenti hajamkosea.

"Hajakukosea!" nikalipuka. "Mara ya kwanza ni nani alikunyima koito? Mtukane, Kimaiyo! Ukishindwa nitukane mimi!"

Akainamisha kichwa. "Chepkirui ameniambia leo atavaa nguo ya kijani," akasema, hakumwambia mtu yeyote, alisema tu. Mama Yaseen aligeukia ukuta.

Halafu akageuka tena, amekunja mikono ya buibui. "Niwekeni mimi ndani. Mkubwa wenu akirudi akute mtu."

"Aliona mwanamume," Inspekta akasema. "Na wewe si ndiye mama wa bwana harusi? Tukikuweka, ataenda na nani?"

Jua lilikuwa limeanza kuchungulia nyuma ya Menengai. Kuresoi walikuwa wameshaamka, na yule wa lori la viazi bila shaka alikuwa ameshaosha lori.

Sajenti Ogola ndiye alikuwa na funguo. Alikuwa amesimama pembeni tangu tuje, hajaniita mathe, hajamwita mtu yeyote. Akaenda akafungua seli. Akamshika Kimaiyo mkono akamtoa. Akavua kofia yake akaiweka juu ya meza ya Inspekta, akaingia ndani mwenyewe, akavuta mlango.

"Mkubwa aliona mwanamume mmoja," akasema. "Huyu hapa. Niandike, afande."

"Wewe Ogola una wazimu? Niandike kosa gani?"

"Andika nimekula."

"Kula si kosa kwa sheria!"

"Basi andika vile sheria inataka," Ogola akasema. "Lakini mimi najua ni nini nimefanya."

Inspekta alishika kalamu, akaitazama, akairudisha. Kimaiyo alitaka kubisha, ati si haki, ati Sajenti ana watoto. Nilimsukuma mpaka ndani ya probox. Mama Yaseen ndiye alichelewa. Alikuwa amerudi kwenye seli na kile kikapu, akakipitisha mlangoni. Nilimwona Ogola ameshika hamri moja, mkono wake mnene umelifumbata, lakini hali. Ijumaa zote zile alikula kama mtu aliyetumwa, na siku aliyopewa haki yake, chakula kikakataa kushuka.

Tulifika Kuresoi wazee wameshakaa, blanketi mabegani, na Maxwel katikati yao akitoa jasho kwenye baridi ile, maana alikuwa ameulizwa maswali yetu yote. Lori la yule kijana wa viazi lilikuwa limeegeshwa kwenye ua, linang'aa. Chepkirui alichungulia kwenye mlango wa jikoni, nguo ya kijani, akamwona Kimaiyo, akarudi ndani haraka, na kile kicheko chake kikasikika mpaka nje.

Mambo ya ukoo yalijibiwa na mzee mmoja wa kina Kimaiyo. Tukapewa mursik, yale maziwa yao ya kugandisha, kwenye vikombe, tukanywa. Ndipo Mzee Kipchirchir akamgeukia Mama Yaseen.

"Mama, wewe ndiye unamjua. Huyu kijana ana kesi yoyote mahali?"

Nilimfinya Mama pajani. Nilikuwa nimempangia jibu njia nzima: hana, mzee, hana kabisa. Mama Yaseen akauondoa mkono wangu.

"Kesi anazo, mzee. Makosa ndiyo hana."

Yule kijana wa lori akakohoa kwa furaha. Mama akaeleza yote, kuanzia Maxwel na mpira hadi mablanketi ya kutiliwa shaka, akasema ile homa ilikuwa uwongo, ila mvua ilikuwa kweli. Alieleza zamu. Alieleza Inspekta na bango. Wazee walitazamana, wengine walifunika midomo kwa blanketi. Mzee Kipchirchir hakutabasamu hata kidogo.

"Na huyo askari," akasema, "mpaka sasa yuko ndani?"

"Yuko ndani, mzee."

"Nyinyi wote mko hapa. Nani amempelekea chakula?"

"Ana mahamri ya asubuhi tu," Mama Yaseen akasema. Mzee akainuka, akaita upande wa jikoni kwa Kikalenjin. Wakatoka akina mama na paja la mbuzi, na viazi, na ugali mkubwa, na kibuyu kizima cha mursik, wakaanza kufunga kwenye vitambaa na magazeti. Wakafunga, wakafunga. Mama Yaseen alipoona ule mzigo unavyokua akaruka kwenye kiti, mikono hewani.

"Mzee, basi! Punguza! Fungeni cha mtu mmoja tu, nawaomba, hamuwajui wale!"

Mzee Kipchirchir akamtazama kwa mshangao.

"Mama," akasema, "kwetu hatufungi chakula cha mtu mmoja."

Mama Yaseen akaketi. Akajifunika uso kwa mtandio, na sikujua kama analia au anacheka, mpaka nilipoona mimi mwenyewe nafanya yote mawili. Kimaiyo alikuwa ameshaenda kusaidia kufunga. Kule uani lori la viazi lilipigwa stata mara mbili, likawaka, likaondoka. Sajenti Ogola alitoka Jumatatu kwa ufunguo uliokuwa mfukoni mwake siku zote, na yule mkubwa wa Nairobi hadi leo hajarudi. Chepkirui, mke wa Kimaiyo, sasa anafanya kazi na sisi, na Ijumaa tunapika sukuma wiki.